Tunataka kuchangisha pesa soko la Kilombero kwa matibabu ya mtoto: kibali tunaanzia wapi?

Mwana Ngarenaro:
Wakuu, habari za humu. Sisi ni wabeba mizigo na kina mama wa mboga wa soko la Kilombero, hapa Arusha. Mwenzetu mmoja ana mtoto mdogo aliyegundulika kuwa na tundu kwenye moyo. Hospitali ya Mount Meru wamempa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Baba anasukuma mkokoteni, mama anauza mchicha, bima hawana.

Wenyewe kwa wenyewe tumeshachanga, lakini bado hatujafika. Tunafikiria kusimama kwenye malango ya soko mwishoni mwa wiki tukiwa na ndoo na bango lenye picha ya mtoto, baadaye twende na stendi. Mwenyekiti wa soko ametuambia bila kibali hatusimami. Sawa, tunakitafuta. Ila kila tunayemuuliza anatutuma kwake: huyu anasema mtaa, huyu polisi, mwingine jiji. Mwenye uzoefu atuelekeze. Natanguliza shukrani.

Kijiwe Sanawari:
Poleni sana mkuu. Lakini mimi hili la kibali linaniuma. Pale kijiweni kwetu bodaboda mwenzetu akigongwa, jioni hiyohiyo kofia inazunguka na pesa inapelekwa hospitali. Hakuna aliyewahi kutuuliza karatasi. Mtoto anaumwa leo, halafu mtu anakwambia uandike barua, usubiri muhuri, urudi kesho kwa sababu mkubwa yuko kikaoni. Huruma tangu lini inaombewa ruhusa?

Mama wa Rau:
Mwanangu wa Ngarenaro, poleni, Mungu amponye mtoto. Nipo Moshi na nimekaa kwenye kamati za namna hii muda mrefu: michango ya wagonjwa wa KCMC, ya nyumba zilizoungua Njoro, ya yatima. Nitakueleza ninavyojua.

Kwanza nimjibu kijana wa Sanawari, maana hoja yake ni ya kweli. Kofia ya kijiweni haihitaji kibali, kwa sababu anayetoa anamjua anayepokea. Akiila, kesho mtakutana naye palepale. Sokoni Kilombero anayetoa ni abiria aliyeshuka kutoka Babati, ni mama aliyekuja kununua vitunguu akaondoka zake Monduli. Hakujui wala hatakuona tena. Anaiamini ndoo yako, basi. Kibali kipo kwa ajili ya yule mtu wa Babati, awepo mtu mwingine anayekujua wewe kwa niaba yake.

Na wezi wa huruma wapo. Pale Moshi nimewaona watu wenye bango la mgonjwa ambaye ukimtafuta wodini hayupo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa mtu anayezunguka kukusanya sadaka au michango ya hisani kwa kisingizio cha uongo. Askari akikukuta na ndoo mtaani hana namna ya kujua wewe ni yupi kati ya wale wa kweli na wale wa uongo. Karatasi ndiyo inayokutenganisha nao.

Sasa, kuanzia wapi. Anzeni hospitali, kabla ya ofisi yoyote ya serikali. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa Mount Meru, mzazi awepo. Kuna sababu mbili. Moja ni kwamba familia isiyo na uwezo inaweza kuombewa msamaha wa gharama, au sehemu yake, na afisa ustawi ndiye anayeandika hayo. Ya pili ni kwamba Taasisi ya Moyo huwa na kambi ambapo madaktari wa pale na wageni kutoka nje wanawafanyia watoto upasuaji, na gharama nyingine hubebwa na wafadhili. Ulizeni kama mtoto anaweza kuingizwa. Nimeshaona familia ikijiandaa kuchangisha fungu zima, kumbe kilichopungua ni nauli na pesa ya kula Dar. Mkienda kuomba kibali mkiwa mmeshajua kilichobaki, kila mtu atawaelewa haraka.

Hapo hospitali mtoke na nakala ya rufaa na makadirio ya gharama kwa maandishi, yenye muhuri. Bila hayo, huko mbele mtarudishwa.

Baada ya hapo nendeni serikali ya mtaa anakoishi mzazi, mtambulike. Kisha kwa Mtendaji wa Kata. Barua yenyewe huandikwa kwa Mkuu wa Wilaya, ikipitia kwa Mtendaji huyo, nakala kwa Mkurugenzi wa Jiji na kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Sisi Moshi tumekuwa tukifanya hivyo, tofauti ni kwamba kwetu ni Manispaa. Msipeleke barua kwa mkono na kumwachia mtu mezani. Pelekeni masijala, waigonge muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala yenye tarehe. Siku mkiulizia, mnauliza kwa namba ya kumbukumbu, na hapo barua haipotei.

Wakati mnasubiri, msikae. Michango ya ndani endeleeni nayo: jumuiya zenu, msikiti wa Ijumaa, usharika, ukoo, vikundi vya kina mama. Mchungaji au imamu akikubali kutangaza, huko ni nyumbani kwao na wana utaratibu wao.

Mtendaji Mstaafu:
Mama amesema vizuri. Nimeketi kwenye kiti cha utendaji wa kata hapa Arusha, kwa hiyo nitaongeza upande wa mezani.

Barua nyingi zilizokuwa zinaniletea shida ziliandikwa kwa machozi. Ukurasa mzima wa habari za ugonjwa, na ukimaliza kusoma hujui nani anashika pesa. Sikuwahi kuhangaika kuamini kwamba mtoto anaumwa, rufaa ilikuwa inatosha. Nilichokuwa nakitafuta ni majina. Nani mwenyekiti wa kamati, nani katibu, nani mweka hazina, wanakaa wapi, namba zao za NIDA, simu zao. Pesa inalala wapi usiku. Nani anahesabu. Akaunti ina watia saini wangapi. Mtendaji akigonga muhuri amejifunga, pesa zikipotea wananchi wanakuja kwake kwanza, si kwenu.

Kwa hiyo barua iwe fupi. Juu weka "YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUCHANGISHA FEDHA ZA MATIBABU". Aya ya kwanza mgonjwa na rufaa. Ya pili kiasi kinachohitajika na kilichopo tayari. Ya tatu, ambayo iwe ndefu kuliko zote, ni jinsi pesa zitakavyokusanywa, zitakavyohifadhiwa na zitakavyolipwa. Mwisho, mahali na tarehe: malango gani ya soko, kuanzia lini hadi lini, watu wangapi. Usiandike "maeneo mbalimbali ya jiji". Hapo unamtisha mtu wa usalama, maana Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya na barua yako ataisoma kwa jicho hilo pia.

Ambatanisheni muhtasari wa kikao kilichoichagua kamati, na mahudhurio yenye saini. Muhtasari una nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Mkitaka matembezi ya hisani au kuandamana na gari la matangazo, hilo ni jambo jingine tena. Sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa ya maandishi ya mkusanyiko au maandamano angalau saa 48 kabla. Na spika ina masharti yake ya kelele, muwaulize jiji. Ushauri wangu, acheni spika. Ndoo na watu wenye adabu wanatosha.

Binti wa Namanga:
Kwa faida ya wanaosoma, sisi tunaoishi mpakani tunaona pande mbili. Kenya wana sheria mahsusi ya jambo hili, Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, na harambee zao nyingi zimekuwa zikipitia humo. Kibali cha upande mmoja hakivuki mpaka. Nimeona kikundi cha kwaya kikizuiwa kwa sababu walidhani barua ya kwao inatosha popote. Kama mnafikiria kupanda hadi Namanga kwa sababu wasafiri ni wengi, simameni upande wetu, na hata hapo mtakuwa wilaya ya Longido, si Arusha. Ombeni Longido.

Kijiwe Sanawari:
Nimekuelewa Mama wa Rau, hoja ya mtu wa Babati imeniingia. Lakini bado nina mawili. La kwanza, hizo ofisi. Kuna ofisi moja, siitaji, tuliambiwa bila "ya chai" barua haitoki. Maskini anayechangisha anatoa wapi ya chai? La pili, kwa nini asijitokeze mwenye taasisi iliyosajiliwa awape jina lake wachangishe chini yake? Si ingekuwa haraka?

Mtendaji Mstaafu:
La kwanza halina mjadala. Hakuna rushwa kwenye kibali cha mgonjwa. Kama kuna ada halali, utapewa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Ukiombwa pesa mkononi, TAKUKURU ni 113, simu ya bure. Nimekuwa serikalini na nasema hivyo bila kumung'unya. Anayekula pesa ya moyo wa mtoto asifichiwe.

La pili linawezekana, lakini angalieni. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 lina malengo yake yaliyoandikwa kwenye katiba, na linatoa taarifa kwa Msajili kila mwaka. Kama matibabu ya watoto hayamo kwenye malengo yake, anawakopesha jina tu, na pesa zitakuwa kwenye akaunti yake, si yenu. Kanuni za 2018 pia zimewabana kwenye uwazi: fedha zikizidi shilingi milioni 20, mkataba wake unapaswa kufikishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Shirika makini litawauliza maswali yaleyale ninayowauliza mimi. Lisilouliza, liogopeni.

Kwa mtoto mmoja, kamati ya soko inatosha.

Mama wa Rau:
Naomba nirudi kwenye mawili ambayo hayajaguswa, na kwangu ndiyo mazito.

La picha. Mwana Ngarenaro, umesema bango lenye picha ya mtoto. Nakusihi mfikirie. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mzazi atoe ridhaa kwa maandishi, akijua picha itakwenda wapi. Lakini hata sheria isingekuwepo ningesema hivihivi: mtoto huyu, Mungu akimjalia, atapona na kwenda shule hapohapo Ngarenaro. Picha yake akiwa na mirija puani itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu. Msimvue heshima ili mumnunulie uhai. Jina la kwanza, umri, hospitali, namba ya kibali, majina ya kamati: hayo yanatosha kwenye bango. Watu wanatoa wakimwona mtu wanayemwamini amesimama na ndoo, si kwa sababu wameoneshwa kidonda. Na mtoto mwenyewe asiletwe sokoni akae kando ya ndoo, hata kwa saa moja.

La pesa kubaki. Hili limevunja ndugu na majirani mbele ya macho yangu. Pesa zimezidi, au hospitali imesamehe sehemu, au, Mungu apishe mbali, mtoto ametangulia kabla ya upasuaji. Baba anasema ni zangu, zilichangwa kwa jina la mwanangu. Kamati inasema ni za kamati. Aliyetoa sokoni hayupo wa kuulizwa. Andikeni kabla, kwenye barua yenyewe na kwenye bango kwa herufi ndogo: kitakachobaki kitakwenda wapi. Kwetu tulizoea kuandika kwamba baki litalipia watoto wengine wasio na uwezo hospitali hiyohiyo, kupitia ustawi wa jamii, na kwamba ikitokea msiba, gharama za mazishi zinatoka kwanza. Kumwambia mzazi jambo hilo ni vigumu mno. Aambiwe na mtu mzima anayemheshimu, faraghani, kabla ndoo haijatoka. Siku ya msiba hakuna atakayekuwa na kinywa cha kuanza kulizungumza.

Mweka Hazina Njiro:
Nashika pesa za vikundi viwili, niongeze ya mahesabu kwa haraka.

Ndoo ya wazi hapana. Tumieni sanduku lenye kufuli, limebandikwa karatasi ya lakiri yenye saini. Ufunguo abaki nao mtu ambaye hakusimama na sanduku siku hiyo. Lifunguliwe mbele ya watu watatu, mmoja awe wa nje ya kikundi, mfano mtu wa ofisi ya soko. Hesabu iandikwe, wote wasaini, pesa iende benki siku hiyo au kesho yake asubuhi. Zisilale kwa mtu. Anayetoa kiasi kikubwa apewe stakabadhi.

Kwa simu, tumieni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Namba ya mtu binafsi ndiyo chanzo cha maneno, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, kwa sababu mchango unachanganyika na pesa yake ya mchele na hakuna anayeweza kuutenganisha tena.

Kulipa: hospitali za serikali zinapokea kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la mgonjwa. Basi kamati ilipe moja kwa moja hospitali. Mzazi apewe mkononi nauli na ya kujikimu tu, na asaini.

Mnakumbuka tetemeko la Kagera, Septemba 2016? Ilifunguliwa akaunti ya maafa, kisha maofisa wakaondolewa kwenye nafasi zao kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na hiyo. Ikiwa mashaka yanaweza kuingia kwenye jambo la kitaifa namna ile, kamati ya soko itajilinda kwa kitu gani? Kwa karatasi zake tu.

Kijiwe Sanawari:
Na sisi Arusha tuna la kwetu. Mei 2017, baada ya ajali ya Karatu iliyotuondolea watoto 32 wa shule ya Lucky Vincent, walimu wao wawili na dereva, watu walikamatwa palepale shuleni walipokwenda kukabidhi rambirambi. Jiji zima lilikuwa linalia, na pesa za kufariji zikageuka kesi ya polisi. Mpaka leo nikikumbuka roho inauma. Sasa naona maana ya kumwandikia mkuu wa polisi hata siku ya kukabidhi. Mwana Ngarenaro, mkifika huko msisahau hilo.

Mwana Ngarenaro:
Wakuu, nimerudi na majibu. Kwanza asanteni, Mama wa Rau shikamoo.

Tulianza ustawi wa jamii kama tulivyoelekezwa. Sehemu ya gharama imeombewa msamaha na barua imeandikwa, kwa hiyo kiasi tunachotafuta kimepungua sana. Hatukulijua hilo kabisa. Makadirio tumepewa kwa maandishi. Kamati tumechagua kwenye kikao, mwenyekiti ni mama mmoja anayeuza ndizi ambaye soko lote linamheshimu. Mtendaji wa Kata alisoma aya ya tatu ya barua mara mbili, akauliza nani anashika ufunguo wa sanduku, tukamjibu, akagonga.

Kibali tumekipata. Kina masharti: malango mawili ya soko la Kilombero, si stendi. Tarehe zimetajwa. Wachangishaji wavae vitambulisho vyenye jina na picha zao. Asiombwe mtu ndani ya daladala. Na baada ya tarehe kuisha tuwasilishe taarifa ya mapato na matumizi kwa Mtendaji, nakala wilayani.

La baki, baba mtoto alizungumza na mzee wa usharika wao. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akakubali na kusaini. Bango halina picha.

Binti wa Namanga:
Hongereni sana. Kibali kipigeni nakala, kila sanduku liwe na moja iliyowekwa kwenye plastiki. Halisi ibaki kwa katibu. Mvua ya Arusha haina adabu na karatasi.

Kijiwe Sanawari:
Kijiwe chetu kitakuja Jumamosi na mchango wake. Tuna vijana wawili wanataka kusaidia kusimama na sanduku, inaruhusiwa?

Mwana Ngarenaro:
Karibuni sana kaka. Kusimama na sanduku, kibali kina orodha ya majina kumi na tumeambiwa hatuongezi mtu bila kupeleka barua nyingine. Lakini tunahitaji shahidi wa nje wakati wa kufungua sanduku jioni, kama Mweka Hazina Njiro alivyoshauri. Kijana mmoja aje saa kumi na moja ofisi ya soko na kitambulisho chake, ataweka saini kwenye hesabu. Mwingine atusaidie kupeleka watu benki Jumatatu asubuhi.